Shangazi Amekunywa Nusu Lita

Machi 4
Mke wangu amenipa daftari hili. Anasema kila nikirudi jioni namchosha kwa hadithi za abiria, nani kapanda, nani kashuka, nani kamkimbia mumewe, na yeye ana miche ya kumwagilia. "Ziandike humo," kasema. "Likijaa nitakununulia jingine, ila uniache nifanye kazi."

Haya, nimetii. Mimi ni dereva wa teksi, miaka thelathini na moja barabarani, na ni mwenyekiti wa kituo chetu cha juu sokoni, chenye teksi sita. Gari langu naliita Shangazi kwa sababu ni la zamani, lina sauti kubwa na halikubali kuharakishwa. Binti yetu mkubwa ameshaolewa na ana watoto wawili, na Shangazi alikuwa barabarani kabla binti huyo hajazaliwa. Hulala huko huko kituoni, maana njia ya kushukia kwetu ni ngazi tupu. Nafasi yangu ni ya kwanza, ukutani penye kivuli, juu kabisa ya ule wavu wa chuma unaomeza maji ya mvua. Hapo haegeshi mtu mwingine. Na chini ya Shangazi ni pasafi! Wenzangu wameacha madoa kila mahali, mimi hata tone. Nawaambia kila siku, tunza gari likutunze, lakini wanaona namna ya kunijibu ni kucheka.

Machi 7
Joto, abiria wachache. Shangazi amekunywa nusu lita ya oili. Gari zee lazima linywe, kama mtu mzima na chai yake.

Machi 12
Leo nyumbani ni shangwe. Msimamizi wa viwanja vya ile hospitali mpya ameshuka ngazi zote mpaka kwenye kitalu cha mke wangu, nyuma ya nyumba, akaitazama miche mmoja mmoja kama anachagua mchumba. Anataka miche mia nne ya miti ya kivuli mwishoni mwa Mei. Ikimridhisha, mke wangu ndiye atakayewaoteshea miti kila mwaka. Miaka sita anajaza udongo kwenye viriba, vile vifuko vya kuoteshea miche, anauza mitatu kwa huyu, miwili kwa yule, na watu wanaita mchezo. Hata mimi, Mungu anisamehe, nimewahi kuita mchezo. Yule bwana alipoondoka, mama watoto alisimama na koleo mkononi akaniuliza, "Sasa nani anacheza?" Ameshatenga mia nne na thelathini, ili hata ikifa michache asiaibike.

Machi 14
Nusu lita.

Machi 19
Mvua! Imeanza saa nane mchana, tukaikimbia wote mpaka chini ya kibanda, halafu tukatoka tena kuifurahia kama watoto. Mfereji wa sokoni umejaa. Unaanzia kituoni kwetu, unapita mlangoni kwa fundi wa magari pale kona, unashuka kando ya ngazi, unaingia kwenye kidimbwi alichokichimba mke wangu mwenyewe na kukizungushia mawe. Kitalu chake kina paa la nailoni, maana mvua kubwa huvunja miche, kwa hiyo masika yote humwagilia kwa mkono, maji ya kidimbwi, bila kwenda bombani. Amelala akitabasamu.

Machi 20
Asubuhi nasikia, "Mwenyekiti! Hebu njoo uone maajabu." Huniita Mwenyekiti akitaka kunicheka au akiwa amekasirika, na hii ilikuwa sauti ya hasira. Kidimbwi kimefunikwa na utando wa rangi rangi, buluu, zambarau, manjano, unapendeza machoni kabisa. Akachota kwa kikombe cha bati, akaninusisha. Oili.

"Nani anatutupia uchafu huu?" akauliza.

Hilo nalo la kuuliza? Mfereji unapita mlangoni kwa nani? Fundi wa kona ni mtu wa makamo, mpole, lakini ovaroli lake ni jeusi kuliko masizi. Mtu mwenye ovaroli vile, oili yake inakwenda wapi?

Machi 21
Nimekwenda. Njiani nilijiandalia maneno makali, nikayasema yote.

"Shikamoo, mzee wangu," alinianza.

"Marahaba. Fundi, oili chafu unaimwaga wapi?"

"Kwenye pipa, mzee. Karibu ulione." Pipa lipo, lina mfuniko, na anasema kila mwezi linakuja gari kulichukua. "Tangu nifungue gereji hii sijamwaga mferejini hata kijiko. Nina watoto, mzee, na wanacheza huko huko chini."

Nikamwambia hata mwizi ana kufuli mlangoni kwake. Akaendelea kufungua gurudumu. Nilipowasimulia wenzangu kituoni walichemka, mpaka yule tunayemwita Kiberiti, ambaye huwaka kwa jambo lolote, akataka twende tukalipindue lile pipa. Nikamtuliza. Mwenyekiti lazima awe na busara.

Machi 28
Mvua siku tatu mfululizo. Shangazi amekunywa nusu lita.

Aprili 2
Miche inaumwa. Mke wangu amenionyesha: unamwaga maji kwenye kiriba, maji yanasimama juu ya udongo yanatetemeka, hayataki kuingia. Udongo umekuwa kama umepakwa mafuta, na ndivyo ulivyo. Majani yanageuka manjano kuanzia ncha. Ametupa ishirini na mitatu. Aliitupa polepole, mmoja mmoja, na viriba vyake akavikung'uta akavikunja.

Aprili 5
Kila abiria anayepanda namweleza habari za fundi, ili dunia ijue. Leo nimeongeza kwamba kila alfajiri anatoka na ndoo, anatazama kulia, anatazama kushoto, anamwaga. Kusema kweli ndoo sijaiona. Lakini hadithi bila ndoo haikolei.

Aprili 11
Nusu lita. Miche iliyokufa imefika sitini na mmoja. Mama watoto ameacha kabisa maji ya kidimbwi, anachota bombani kwa jirani, juu, ngazi sabini na mbili. Lakini oili iliyokwishaingia kwenye udongo haitoki kwa kuombwa. Leo Jumapili nimembebea ndoo nane. Goti langu la kushoto limeleta malalamiko rasmi.

Aprili 16
Msimamizi wa hospitali amepita. Hakuwa mkali, lakini kasema wazi: ikipungua mia tatu, atatafuta kitalu kingine, maana mashimo yameshachimbwa. Imebaki mia tatu ishirini na miwili. Alipoondoka mke wangu aliingia ndani akakaa kitandani, akalia. Mke wangu si mtu wa kulia. Alizika wazazi wake wote wawili akiwa ndiye anayewabembeleza wengine. Nilikaa karibu yake nikamshika mkono, na moyoni nikamlaani fundi.

Jioni nilipita gereji. Hakuna gari hata moja. Amekaa juu ya tairi anasoma gazeti la zamani. Alinisalimia vizuri tu, shikamoo mzee. Nikajiambia, dawa imeingia.

Aprili 22
Leo nitaandika mengi, na sitaki mke wangu asome.

Asubuhi wamekuja vibarua wa manispaa kuzibua mfereji. Wakaninyanyua kwenye nafasi yangu, eti wanataka kufungua wavu. Nikasogeza Shangazi mbele ya duka la mama muuza vitambaa, pale aliposakafia juzi, saruji nyeupe kama sahani. Nikaenda kunywa chai. Nilikaa kama saa moja na nusu nikibishana na Kiberiti habari za bei ya matairi. Mara nasikia ninaitwa.

"Mwenyekiti! Gari lako limejisaidia mlangoni pangu!"

Nikacheka, nikaenda. Chini ya Shangazi palikuwa na doa jeusi, linang'aa, upana wa sinia. Nikainama. Tone likatoka chini ya injini, likaning'inia, likaanguka. Nikahesabu kumi na nne, likaanguka lingine.

Miaka yote hii najisifu pasafi, pasafi. Pasafi kwa sababu pana tundu! Kila tone lilikuwa linapita kwenye wavu, linalala mferejini, linangoja mvua. Na ile nusu lita ya kila wiki, gari gani linakunywa oili bila kutoa moshi? Shangazi hatoi moshi. Miaka thelathini na moja barabarani, na jambo hilo sikujiuliza hata siku moja. Nilipenda kuliita kunywa, basi.

Mama muuza vitambaa alikuwa amesimama mikono kiunoni. Na mimi nikasema nini? Nikasema, "Hii itakuwa ya lile pikapu lililokuwa hapa kabla yangu." Nikaomba mchanga, nikafunika, nikafagia, nikamwomba radhi kwa niaba ya pikapu. Aliniangalia kwa namna ambayo sikuipenda.

Vibarua walipomaliza nikarudisha Shangazi juu ya wavu. Ndiyo, palepale. Ningeegesha wapi na wote wanajua nafasi yangu?

Aprili 23
Nimepata njia. Nimechukua kopo kubwa la rangi, nimelitelezesha chini ya injini, juu ya wavu. Halionekani mpaka uiname. Nitamwaga mwenyewe mahali pazuri. Kwa hiyo uchafu umekwisha, na hakuna haja ya kelele.

Aprili 26
Nimepima kilichomo kwenye kopo. Kidogo kidogo itafika nusu lita kwa wiki. Shangazi hajawahi kunywa kitu.

Aprili 28
Mvua kubwa. Nimekula kidogo. Mke wangu kaniuliza kama naumwa, nikamwambia ni goti.

Mei 1
Kidimbwi kimetakata. Mvua za juzi zimesukuma masalio yote, na ya leo imeleta maji matupu, unaona mawe ya chini. Mke wangu aliyachota kwa kikombe kile kile, akanusa, akacheka. Halafu akanikumbatia, mbele ya jirani wa bombani.

"Huyu mume wangu!" akamwambia jirani. "Asingemkalia kooni yule fundi, tungekuwa bado tunaoga oili. Ona sasa, kaogopa, kaacha."

Jirani akanipigia makofi. Habari zikapanda ngazi kunizidi mbio. Nilipofika kituoni Kiberiti alinipokea kwa, "Mwenyekiti wa mazingira!" na wengine wakaitikia. Nilitamani kuingia ndani ya lile kopo nijifunike.

Mpaka jana nilikuwa mwongo peke yangu. Sasa kidimbwi chenyewe kimekuwa shahidi wangu wa uongo.

Mei 3
Mke wangu ni mtu wa haki, na hilo ndilo lililonimaliza. Asubuhi amechagua mche mmoja, wenye afya kuliko yote, wakati imebaki mia tatu na kumi na mmoja na kila mmoja anauhesabu kama mtoto. Akanikabidhi. "Mpelekee fundi. Mwambie tumeona amejirekebisha, na tunamshukuru. Mtu akikosea anasemwa, akiacha anashukuriwa."

"Mche wa hospitali huo," nikasema. "Unamwachia vipi?"

"Nenda, Mwenyekiti."

Nikapanda ngazi sabini na mbili na mche mkononi. Sijawahi kubeba kitu kizito vile. Fundi alikuwa anasugua spana zilizokuwa safi tayari.

"Shikamoo, mzee."

"Usiniamkie kwanza," nikamwambia. "Mke wangu ameleta mche. Anakushukuru kwa kuacha kumwaga oili."

Akanitazama. "Mzee, nitaachaje ambacho sikuanza?"

"Najua," nikasema. "Ni Shangazi. Ni mimi. Nimejua tangu wiki juzi, nikaweka kopo, nikanyamaza."

Nilitegemea anifukuze. Ningefurahi kama angenitukana, tungekuwa tumelipana. Aliweka spana chini, akafuta mikono kidole kimoja kimoja, muda mrefu. "Mwezi mzima," akasema, "mke wangu ananiuliza, una hakika pipa halivuji? Mke wangu, mzee. Mpaka nami nikaanza kuamka usiku nikalipapase."

Nikasema nisamehe, zaidi ya mara moja. Akaupokea mche, akauweka kivulini, akaumwagilia kwa kikombe chake cha kunywea. Kisha akasema, "Mlete Shangazi kesho. Itakuwa sili ya nyuma imechoka, haizuii oili, kazi ya siku mbili. Lakini uliyoyasema kituoni, kayafute kituoni. Mimi hayo sina spana yake. Na uanze na mama nyumbani, leo."

Nikashuka. Mke wangu anapalilia.

"Umempa?"

"Nimempa. Kasema nikuambie jambo."

Nikamwambia, nimesimama, kofia mkononi. Hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Umejua tangu lini?"

"Tarehe ishirini na mbili."

Akahesabu kwa vidole vyenye udongo. "Siku kumi na moja. Na juzi nilipokushukuru mbele ya watu?"

"Nilijua."

"Ukapokea."

"Nikapokea."

"Miche mia na kumi na tisa imekufa, baba watoto. Hiyo ningekusamehe hapa hapa, maana hukujua. Lakini umeniacha nimtumie mtu asiye na kosa shukrani za matusi." Akanigeuzia mgongo akaendelea kupalilia. Nikabaki pale kama mgeni asiyekaribishwa, mpaka akasema bila kunitazama, "Ndoo zile pale. Kidimbwi nitakiamini baada ya mvua tatu."

Mei 4
Ndoo kumi na sita. Haongei nami ila habari za maji. Shangazi yuko kwa fundi.

Mei 5
Nimesimama kituoni nikayasema yote, pamoja na lile la ndoo ya alfajiri ambayo haikuwahi kuwapo. Kwanza walidhani natania. Kisha walicheka, na kicheko hicho nilikistahili. Mama muuza vitambaa alitoka dukani akasema kwa sauti, "Nililijua lile pikapu!" Kiberiti peke yake hakucheka. Alikuja akaniuliza taratibu, "Na langu je? Hili doa langu la kila siku linakwenda wapi mvua ikinyesha?"

Tukaomba maboksi matupu sokoni, tukayatandaza chini ya magari, tukasubiri mpaka adhuhuri. Magari matano, matatu yanavuja. Miaka yote tumekanyaga madoa yetu wenyewe tukiyaita rangi ya kituo. Tumekubaliana, kila Jumatatu boksi chini ya kila gari, na litakalodondosha haliondoki kubeba mtu mpaka limeonwa na fundi. Kiberiti amejitolea kuwa mkaguzi, Mungu atusaidie.

Mei 6
Shangazi ametoka. Fundi alinitandikia boksi jipya, akawasha injini, tukachuchumaa wote wawili tukitazama. Tulikaa vile karibu nusu saa. Boksi kavu. Nilimwamkia mimi, akacheka.

Mei 10
Mvua ya tatu. Maji safi. Mke wangu ameshusha ndoo mwenyewe kutoka begani pangu. Akaniambia, "Kaa chini, utavunjika hilo goti, halafu nani atanibebea miche." Nimefurahi kama kijana aliyejibiwa barua.

Mei 15
Hakuna nusu lita. Kijiti cha kupimia kiko palepale kwenye alama. Nimekipima mara tatu.

Mei 24
Wamekuja na lori. Madereva wote sita tumepandisha miche, mstari mmoja wa watu kwenye ngazi, kiriba mkono kwa mkono, na fundi juu kabisa akipanga kwenye lori. Msimamizi alihesabu, nami nikahesabu nyuma yake. Mia tatu na sita. Akageuza geuza majani, akamtazama mke wangu, akasema, "Mama, mwakani tunataka mia sita."

Mke wangu alisema "Sawa" tu, kama mtu aliyezoea. Lori lilipopinda kona ndipo alipoketi kwenye ngazi akacheka na kulia kwa pamoja, na wote tukajifanya tunafunga kamba za viatu. Halafu akanivuta niketi karibu yake. Nimefurahi, sina neno jingine.

Mei 27
Leo nimembeba dada mmoja, sijawahi kumwona, anatoka upande wa pili wa mji. Anasema gari lake limelala nyumbani, linavuja oili vibaya.

"Kuna fundi pale kona," nikamwambia. "Hodari sana."

"Yule? Ahaa, mzee, simpeleki yule. Hujasikia? Kila alfajiri anatoka na ndoo, anatazama kulia, anatazama kushoto, anamwaga oili mferejini. Kaua miche ya mama wa watu."

Kulia, kushoto, yote kwa mpangilio wangu. Kumbe imefika mpaka huko, na mimi nilidhani nimeshayamaliza yale maneno kituoni. Nikaegesha pembeni, nikazima injini.

"Dada, aliyeanzisha maneno hayo ni dereva mmoja wa teksi. Unamjua?"

"Simjui."

"Umepanda gari lake."

Nikawasha tena, nikamfikisha. Aliposhuka akashika mlango, akaniuliza fundi anafungua saa ngapi.